Mama wa Binti Kimondo

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayonilaumu. Natumaini kifua kimekuachia na mke wako ameshamaliza kugombana na fundi wa paa. Mwambie sweta alilonifumia linanitosha, ila mikono ni mirefu, labda alinipima akiwa na haraka kama mimi.

Nimepata kazi kwenye jumba la sinema. Subiri, usishangilie! Siuzi tiketi wala sigusi mashine. Nafagia. Kuna kumbi sita, wasafishaji wanne, na msimamizi anayetembea na saa mkononi kama refa. Filamu ikikaribia kwisha tunajipanga mlangoni na mafagio, majina yakianza kupanda kwenye pazia tunaingia. Kwa hiyo mpwa wako, uliyemlea kwenye banda la video ukitafsiri filamu kwa kipaza sauti, siku hizi anaona miisho tu. Wiki hii nimeona dunia ikiokolewa mara thelathini na moja na sijui hata mara moja ilikuwa na tatizo gani.

Nina malalamiko lakini. Wakati wa kuokoa dunia wanabomoa nusu ya mji, maghorofa yanalala chini, halafu steringi anapaa zake na muziki unapigwa. Sijaona hata mtu mmoja ameshika fagio. Mimi mtu mmoja akimwaga soda safu ya nyuma napiga deki robo saa! Na wote wana kifua kipana, hakuna anayekohoa vumbi lote lile. Wewe ungewatilia maneno ya kuomba radhi, nakujua.

Sasa lile jambo. Usijifanye hulijui. Mama alikuja kufanya kazi kwenye mji huu nikiwa na miaka sita, na ndiyo sababu nimekuja. Nina ile picha moja tu, amesimama mbele ya duka la dobi lenye mlango wa kijani. Kila siku ya mapumziko nazunguka nayo. Barua zake ulikuwa unatusomea na kuzitunza wewe. Bahasha ziliandikwa mtaa gani? Niambie hilo tu, au nipigie simu. Sitaki kumrudisha nyumbani kwa nguvu, nataka anieleze uso kwa uso kwa nini aliacha kuandika nikiwa na miaka minane.

Kiroboto wako


27 Februari

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba, na pole ya miguu. Kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na aibu. Mke wangu anakusalimu, anasema mikono ya sweta aliifanya mirefu makusudi kwa sababu huko kuna baridi. Fundi wa paa kaondoka kanuna, paa bado linavuja palepale juu ya meza yangu.

Umeandika kwamba nipige simu. Sipigi. Sauti yangu ni ya kazi, siimwagi hovyo. Wewe unajua watu hapa wananiita Spika, na Spika hawezi kuingia Jumamosi ukumbini akiwa na koo lililokwisha. Filamu za siku hizi zimezidi, mpwa wangu. Zamani steringi alikuwa mmoja, adui mmoja, na mwanamke mmoja wa kuokolewa. Sasa steringi ni kumi na wawili, wanatoka sayari kumi na mbili, wote wanazungumza kwa mpigo, nami nina koo moja. Juzi nilisahau nani ni nani, nikampa yule roboti sauti ya bibi kizee. Watu wamempenda, sasa siwezi kumbadilisha mpaka sehemu ya nne.

Adui ndiye ananichosha kuliko wote. Kamkamata steringi, kamfunga, silaha anayo, na badala ya kumaliza kazi anasimama dakika saba kueleza mpango wake. Mimi namfupisha. Nasema, "Nitakueleza kesho," halafu napumzika nanywa maji. Na vyombo vyao vya angani, mwaka elfu tatu, bado milango inakwama! Ila zinazonikera hasa ni zile za kurudi nyuma kwenye wakati. Mtu kakosea, anapanda mashine, anakwenda jana kurekebisha. Huo ni uvivu wa mtunzi. Mtu akikosea akae na kosa lake kama sisi wengine.

Kuhusu bahasha, zililiwa na panya zamani sana. Mji wenyewe ni mkubwa, utaumiza miguu bure. Vaa vizuri, kula vizuri, na ile filamu yenye kisima kinachomeza nyota, niambie inaishaje, maana diski yangu inakatika pale wanapoingia kisimani.

Mjomba wako


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mke wako. Nafurahi kusikia roboti amepata umri. Mimi nimehamia chumba kingine, dirisha linatazama ukuta, lakini ukuta una jua mchana.

Kisimani wanatokea upande wa pili, wanakuta dunia kama yao ila kila mtu amegeuka mwingine, aliyekuwa mlinzi ni rais na kadhalika. Halafu inaisha! Wanataka tusubiri miaka miwili. Watazamaji walikaa mpaka majina yote yakapita, sisi na mafagio tumesimama, kumbe baada ya majina kuna kipande kingine cha sekunde kumi. Msimamizi alikaribia kulia na saa yake.

Panya, mjomba? Sawa. Nimepata duka bila panya wako. Mlango wa kijani bado upo, ila ndani sasa wanauza matairi. Mzee wa matairi hajui lolote juu ya dobi, lakini amesema jirani yake wa kushona viatu yuko pale miaka ishirini. Fundi viatu alikuwa amefunga. Nitarudi Jumanne, na Jumanne nyingine.

Na kuna hili, kaa vizuri kitini. Hapa kazini kuna wiki ya filamu za zamani, na wafanyakazi tunapewa tiketi moja ya kukaa kama watu. Kwenye orodha nimemwona Binti Kimondo! Nilipiga kelele msimamizi akadhani nimeteleza. Unakumbuka nilimwangalia mara kumi na moja, nimekaa mkekani miguuni pako, karibu na waya wa kipaza sauti? Bado naijua yote. Binti anaangukiwa na kipande cha kimondo, anapata uwezo wa kusimamisha wakati mpaka ahesabu kumi. Mama yake ni injinia kwenye kituo cha angani. Anampigia binti yake kwenye redio, uso umejaa taa nyekundu, anasema, "Mwanangu, kazi imeongezwa muda. Nenda shule, msikilize bibi. Nitarudi." Nilikuwa nikitoka pale naenda kulala vizuri. Nilijua hata kwa mama yangu kazi imeongezwa muda.

Nitaiangalia mwanzo mpaka mwisho kwa mara ya kwanza bila sauti yako. Nitakusimulia.

Kiroboto


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, naandika hivyo hivyo. Mimi ni mzima.

Mjomba, mama anakufa.

Kituo kimetoboka, hewa inakwisha, na zile taa nyekundu ni za hatari. Hasemi chochote kuhusu kazi. Anamuaga. Anamwambia binti yake amehesabu pumzi zilizobaki na ametaka azitumie kuzungumza naye. Binti anasimamisha wakati, anahesabu mpaka kumi, anaanza tena, anahesabu, ili mama asifike mwisho. Ndiyo maana ana uwezo ule! Mimi miaka yote nilidhani anafanya mazoezi. Filamu nzima anapigana kwa sababu ya mama yake, na mimi nilidhani anapigana kwa sababu ni mtukutu kama mimi.

Watu waliokaa pembeni yangu walikuwa wanalia kidogo, kama watu wanavyolia sinema, halafu wakatoka. Mimi nilibaki. Wenzangu waliingia na mafagio wakanizunguka, mmoja akaniinua miguu akafagia chini yake.

Tangu siku hiyo nimetafuta nyingine, zile tulizoziangalia pamoja mwaka ule wa Binti Kimondo na mwaka uliofuata. Mwenzangu wa zamu ana diski nyingi, amenipa tano. Mama wa yule mpiga ngumi wa sayari ya barafu amekufa. Wewe ulisema ameolewa mbali. Mama wa wale mapacha wanaopaa amekufa. Wewe ulisema yuko chuoni anasomea udaktari, na mimi nilikuwa najiuliza chuo gani hicho kisichokwisha. Filamu tano, mama watano, na wewe hukumzika hata mmoja. Akina baba umewaua wote kama kawaida.

Kwa nini mama peke yao? Kuna swali jingine linafuata hapo na sitaki kuliandika. Unalijua.

Kiroboto


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba mara nyingi. Samahani kwa kuchelewa. Kifua kilinilaza, halafu mashine iliharibika, halafu paa. Mke wangu amepona jino. Jirani zetu wamepata mjukuu na kelele zake tunazisikia zote.

Umenishika kwenye kazi yangu, basi nijibu kama mtu wa kazi. Mtafsiri wa filamu hasomi maneno tu. Anaangalia waliokaa mbele yake. Ukumbini kulikuwa na watoto mkekani, na wewe ukiwa mbele kabisa, umekunja magoti, mdomo wazi. Ulikuwa na miaka minane. Ulitaka niseme nini? Baba wa filamu hata akifa hakuna aliyeshtuka, nyie wenyewe mlikuwa mkicheka. Ila mama, niliona nyuso zenu, nikasema hapana, leo hapana. Kila mtafsiri ana mkono wake. Yupo mmoja wa mtaa wa pili, kila steringi kwake ni mlevi, na hakuna anayemwandikia barua ya kumshtaki.

Na siku hizi hao watunzi wenyewe hawana heshima na kifo. Wanamuua mtu sehemu ya pili, watu wanalia, sehemu ya tatu huyo hapo anakuja na nguo mpya. Kama wao wanafufua kwa sababu tiketi zimepungua, mimi kumchelewesha mama mmoja njiani ni dhambi?

Filamu ni filamu, Kiroboto. Acha kuzunguka na picha. Umekwenda, umeona mji, inatosha. Rudi nyumbani, nitakuweka kwenye meza yangu, sauti unayo. Tutasaidiana hao kumi na wawili.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wapone huko.

Sitarudi sasa. Fundi viatu alipoiona picha alimkumbuka mama palepale. Amesema kwa dobi kulikuwa na mwanamke wa pasi aliyekuwa rafiki wa mama, walikula pamoja, walipanga chumba kimoja. Yuko hai, anakaa upande wa pili wa mji. Nilikwenda, nikakuta mlango umefungwa. Jirani yake amesema amekwenda kwa binti yake na atarudi tarehe 16 Juni.

Tarehe 16 Juni nitakuwa mlangoni kwake. Barua hii itakufikia katikati ya siku hizo, kwa hiyo unao muda. Kwenye barua yako umeniambia yote kuhusu watoto wa mkekani, na hakuna mahali ulipoandika neno mama yako. Nimeisoma mara nne kulitafuta.

Silali vizuri, kazini nimevunja ndoo. Kama kuna kitu, nataka kukisikia kwako. Sitaki kukisikia kwa mtu baki, nimesimama kwenye ngazi za watu.

Mpwa wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Leo asubuhi nimefunga banda, nimemwambia mke wangu ninachotaka kuandika, naye alikuwa hajui. Amekaa hapa karibu, analia na ananitazama kwa hasira, yote mawili.

Mama yako amefariki. Alifariki ulipokuwa na miaka minane. Ni mapafu, yalimlaza siku tisa tu.

Barua ililetwa na bibi yako bandani mchana. Alikushika mkono, akaja nayo kwa furaha maana kulikuwa na ukimya wa miezi miwili. Mwandiko haukuwa wa dada yangu. Iliandikwa kwa lugha ya huko, na pale mimi pekee ndiye niliyekuwa naijua. Bibi yako akasema, "Haya, soma, mwanangu anasemaje?" Mstari wa kwanza tu ulisema yote. Nikainua kichwa, nikamkuta bibi yako ananiangalia mdomoni kama watu wanavyoniangalia ukumbini. Wewe umeshika suruali yangu, unaruka ruka. Mdomo wangu ukaenda wenyewe. Nikasema, anasema kazi imeongezwa muda. Anasema uende shule, umsikilize bibi. Atarudi.

Nilitunga palepale, bila kupanga, kama ninavyofanya kila siku. Bibi yako akacheka, akasema nimwandikie avae nguo nzito. Nikajiambia, nitasema jioni. Jioni mlikuwa mnakula kwa raha. Nikajiambia kesho. Nilifunga banda siku tatu, nikadanganya kwamba mashine imekufa, nikakaa mle gizani nikamlilia dada yangu peke yangu. Sikumlilia mbele ya mtu yeyote, mpaka leo asubuhi.

Binti Kimondo alikuja mwezi mmoja baadaye. Nilikuwa sijaiangalia kabla, tulikuwa na haraka. Nilipofika pale kwenye zile taa nyekundu, nikakuona mkekani, maneno yakatoka yaleyale niliyowaambia wewe na bibi. Nisingeweza kumuua mara ya pili. Baada ya hapo kila mama aliyekuja kwenye diski nilimhurumia.

Ningeweza kutunga barua nyingine zake, kazi hiyo naiweza. Sikutunga. Nikaacha mngoje, halafu nikaacha mchoke, halafu nikaacha mumkasirikie. Bibi yako alikufa akisema mwanangu ametusahau. Nilikuwa nimekaa kitandani pake, nikanyamaza. Hilo ndilo baya kuliko yote na sina la kulitetea.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua yenyewe. Iliandikwa na huyo mwanamke wa pasi. Sijatafsiri neno. Lugha ya huko sasa unaijua.

Nisamehe kama utaweza.

Mjomba wako


22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mpe mke wako pole kwa niaba yangu.

Barua yako imefika tarehe 19. Nilikuwa nimeshakwenda. Mwanamke wa pasi amefungua mlango, ameniangalia tu, akajua mimi mtoto wa nani. Akaniuliza, "Hamkupata barua yangu?" Nikamwambia tuliipata, mjomba alitutafsiria. Akaenda kuweka maji jikoni.

Siku hiyohiyo alinipeleka makaburini. Kuna jiwe dogo, yeye na wenzake wa dobi walichangia kuliweka. Nilikuwa na hotuba nzima ya kumsomea mama, nimeitunga tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, kali kweli. Nilisimama pale sina wa kumpa. Miaka kumi na saba nimemchukia mtu aliyekuwa amelala hapo asiyejua kitu. Umeninyang'anya nafasi ya kumlilia, mjomba, ukanipa ya kumsema vibaya. Nilimsema shuleni, nilimsema kwa marafiki, nilimsema siku tulipomzika bibi.

Niliporudi chumbani sikutaka kukuandikia tena maisha yangu yote. Ndipo barua yako ikaja. Nimeangalia muhuri wa posta, ni wa tarehe 8. Uliamua kusema kabla sijasikia kwa mwingine, ni posta tu iliyochelewa. Kwa ajili ya muhuri huo nimechukua kalamu.

Halafu nimeisoma ile barua ya mwanamke wa pasi. Ukurasa wa kwanza ni ugonjwa. Wa pili, mjomba, ulifika wa pili? Anasema siku mbili kabla, mama alikuwa anaongea kidogo kidogo, na alichokuwa anauliza ni kama meno yangu ya mbele yameshaota. Aliuliza mara nyingi mpaka wakamwambia ndiyo, yameota, ili apumzike. Wakamwambia ni mazuri.

Kifo ulikificha, sawa, nilikuwa mtoto na bibi alikuwa mzee. Lakini meno? Meno yalikuwa na ubaya gani? Ungeweza kutusomea huo mstari mmoja tu na uwongo wako wote ungebaki palepale. Ningekua nikijua kwamba aliuliza.

Kaa chini uandike kila kitu alichowahi kusema juu yangu ambacho hukunipa. Barua zote za nyuma, hata kama panya walizila kweli, kumbuka. Kama alikuwa mkali, andika mkali. Kama kuna mahali alisema amenichoka, andika. Usipunguze wala usiongeze, na usiniombe radhi tena mpaka umalize.

Mpwa wako, mwenye hasira, anayengoja